Virusi na prioni

Virusi na prioni ni visababishi vya magonjwa visivyo na seli na visivyoweza kuongezeka vyenyewe. Kirusi ni maelekezo ya kijeni (DNA au RNA) yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Prioni ni protini tupu iliyokunjwa vibaya, isiyo na DNA wala RNA. Vyote viwili huongezeka kwa kutegemea seli ya kiumbe hai: kirusi huifanya seli imtengenezee nakala zake, na prioni huzigeuza protini za seli ziwe kama yenyewe.

Utegemezi huo ndio unaofanya magonjwa haya yawe magumu kutibika, kwa sababu dawa inayosimamisha kazi za seli humdhuru pia mgonjwa. Kwa virusi, wanasayansi wamefaulu kupata hatua kadhaa ambazo ni za kirusi peke yake na zinaweza kuzuiwa bila kumdhuru mtu. Kwa prioni, hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya wala kusimamisha ugonjwa. Kinachobaki ni kuzuia maambukizi.

## Majina

Neno "virusi" lina asili ya Kilatini, ambapo *virus* lilimaanisha sumu. Katika Kiswahili limeingia katika ngeli ya KI-VI, hivyo husemwa *kirusi* kimoja, *virusi* vingi. Katika mazungumzo ya kawaida watu huviita "vijidudu" pamoja na bakteria. Jina hilo la pamoja huleta mkanganyiko, kwa kuwa bakteria ni viumbe hai vyenye seli, na dawa zinazoua bakteria haziui virusi.

Jina "prioni" lilibuniwa mwaka 1982 na Stanley Prusiner wa Marekani kwa kuunganisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "protini" na "maambukizi".

## Historia ya ugunduzi

Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichunguza ugonjwa wa batobato wa tumbaku. Alichuja utomvu wa majani yenye ugonjwa kwa chujio la kauri linalozuia bakteria, akaona kwamba utomvu uliochujwa bado uliambukiza mimea mizima. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia jaribio hilo na kueleza kwamba kisababishi si bakteria bali ni kitu cha aina nyingine, akakiita *virus*. Mwaka huohuo Friedrich Loeffler na Paul Frosch wa Ujerumani walionyesha kwamba ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe nao hupita kwenye chujio. Kirusi cha kwanza cha binadamu kutambuliwa kilikuwa kile cha homa ya manjano, mwaka 1901.

Mwaka 1935 Wendell Stanley alifaulu kugeuza kirusi cha tumbaku kuwa fuwele, kama inavyofanyika kwa chumvi au sukari. Jambo hilo liliwashangaza wataalamu wa biolojia, maana hakuna kiumbe hai chenye seli kinachoweza kuwekwa katika hali ya fuwele kisha kikaendelea kuambukiza. Tangu hapo umekuwapo mjadala kama virusi vihesabiwe kuwa hai.

Virusi kadhaa vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa nchini Kenya mwaka 1931. Virusi vya West Nile (1937) na Zika (1947) vilipatikana Uganda. Chikungunya ilitambuliwa kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa mwaka 1952, na jina lake limetoka katika Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ebola ilitambuliwa mwaka 1976 na kupewa jina la mto ulioko kaskazini mwa nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

## Muundo wa virusi

Virusi vingi vina ukubwa wa nanomita 20 hadi 300. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita, kwa hiyo virusi zaidi ya 8,000 vya UKIMWI vikipangwa kwa mstari vingeenea katika milimita moja. Havionekani kwa hadubini ya kawaida ya shuleni. Huhitaji hadubini ya elektroni.

Kila kirusi kina sehemu kuu mbili, na baadhi vina ya tatu:

- Jenomu, yaani maelekezo ya kijeni. Huwa ama DNA (kwa mfano ndui, tetekuwanga, homa ya ini B) au RNA (kwa mfano surua, polio, kichaa cha mbwa, Ebola).
- Kapsidi, yaani ganda la protini linalolinda jenomu.
- Utando wa mafuta unaozunguka kapsidi katika virusi vingi. Kirusi huuchukua kutoka kwenye utando wa seli kinapotoka. Sabuni huyeyusha mafuta hayo, na hii ni sababu moja ya kunawa mikono kwa sabuni kuwa kinga nzuri dhidi ya virusi kama vile vya korona na Ebola.

Kirusi hakina ribosomu za kutengeneza protini wala njia ya kujipatia nishati. Nje ya seli hakili, hakikui na hakigawanyiki.

## Hatua za maambukizi

Maambukizi ya virusi hupitia hatua sita zinazofanana katika virusi karibu vyote:

1. Kujishikiza. Protini za nje za kirusi hushika molekuli fulani iliyopo juu ya seli, inayoitwa kipokezi.
2. Kuingia. Utando wa kirusi huungana na utando wa seli, au seli yenyewe hukimeza kirusi ikidhani ni kitu cha kawaida.
3. Kuvua ganda. Kapsidi hufunguka na jenomu huachiliwa ndani.
4. Kunakili. Jenomu hutolewa nakala nyingi, na ribosomu za seli husoma maelekezo ya kirusi na kutengeneza protini zake.
5. Kuunganisha. Nakala za jenomu hufungashwa ndani ya maganda mapya.
6. Kutoka. Virusi vipya huchipuka kwenye utando wa seli au huipasua seli na kutawanyika.

Hatua ya kwanza ndiyo inayoamua kirusi kitashambulia nani na kiungo gani. Kipokezi na protini ya kirusi hulingana kama kitasa na ufunguo wake. Kirusi cha homa ya ini B hushika vipokezi vya seli za ini, na kirusi cha kichaa cha mbwa hushika vile vya neva na misuli.

Jambo hili pia linajibu swali linaloulizwa mara nyingi: kwa nini mbu haambukizi UKIMWI? Mbu hana seli zenye vipokezi vinavyohitajiwa na kirusi hicho, hivyo virusi vilivyomo katika damu aliyonyonya humeng'enywa tumboni mwake pamoja na damu hiyo. Kirusi cha dengi, kwa upande wake, huweza kuingia katika seli za mbu aina ya *Aedes*, kikaongezeka humo na kufika kwenye mate yake, na ndiyo maana dengi huenezwa na mbu.

### Mfano wa VVU

Virusi vya UKIMWI (VVU) vilitambuliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur, Paris, na kundi la Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Jenomu yake ni RNA yenye jeni tisa tu.

VVU hujishikiza kwenye molekuli iitwayo CD4, ambayo iko juu ya aina ya chembe nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili. Baada ya CD4, kirusi huhitaji kipokezi cha pili, mara nyingi CCR5. Kikishaingia, kimeng'enya chake kiitwacho *transkriptezi ya kinyume* hunakili RNA kuwa DNA. Kimeng'enya cha pili, *integrezi*, huichomeka DNA hiyo ndani ya kromosomu za seli. Kuanzia hapo maelekezo ya kirusi ni sehemu ya urithi wa seli hiyo na hunakiliwa kila seli inapogawanyika. Kimeng'enya cha tatu, *protezi*, hukata minyororo mirefu ya protini ili virusi vipya vikomae.

Bila matibabu, idadi ya seli za CD4 hushuka polepole kwa miaka. Mtu mzima mwenye afya huwa na takriban 500 hadi 1,500 katika mikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 200, mgonjwa huhesabiwa kuwa na UKIMWI, na magonjwa nyemelezi kama vile kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi huweza kumuua.

## Jinsi virusi vinavyosababisha ugonjwa

Virusi huleta ugonjwa kwa njia zaidi ya moja.

Kuua seli. Kirusi cha polio kikifika kwenye uti wa mgongo huua seli za neva zinazoendesha misuli. Seli hizo hazioti tena, kwa hiyo mgonjwa aliyepooza anaweza kubaki na ulemavu wa maisha.

Mwitikio wa mwili wenyewe. Homa, maumivu ya misuli na uchovu wa mafua hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali ambazo mwili huzitoa ili kupambana na kirusi. Katika homa ya ini B, kirusi chenyewe hakiui seli nyingi. Chembe za kinga zinaposhambulia seli za ini zilizoambukizwa ndipo ini huharibika, na baada ya miaka mingi linaweza kusinyaa au kupata saratani.

Kuleta saratani. Baadhi ya aina za virusi vya papiloma, hasa namba 16 na 18, huzima protini zinazozuia seli kugawanyika ovyo. Hizo ndizo chanzo cha visa vingi vya saratani ya mlango wa kizazi.

Kujificha. Kirusi cha tetekuwanga hakitoki mwilini baada ya mtoto kupona. Hukaa kimya ndani ya neva, na miaka mingi baadaye, kinga inaposhuka kwa uzee au kwa VVU, huamka na kusababisha mkanda wa jeshi.

Kufuata neva. Kirusi cha kichaa cha mbwa huingia kwa kuumwa na mnyama mwenye ugonjwa, kikasafiri polepole ndani ya neva kuelekea ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu, kutegemea jeraha liko umbali gani kutoka kichwani. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

## Tiba na kinga ya magonjwa ya virusi

### Kwa nini antibiotiki hazifai

Antibiotiki (viuavijasumu) hushambulia sehemu ambazo bakteria wanazo na binadamu hana. Penisilini huharibu ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria. Tetrasiklini huzuia ribosomu za bakteria, ambazo ni tofauti na zetu. Kirusi hakina ukuta wa seli wala ribosomu. Hivyo kumeza amoksilini kwa ajili ya mafua ya kawaida hakumponyi mgonjwa, bali huwapa bakteria waliomo mwilini nafasi ya kuwa sugu. Daktari huweza kuandika antibiotiki kwa mgonjwa wa virusi iwapo tu amepata pia maambukizi ya bakteria, kwa mfano nimonia baada ya surua.

### Dawa dhidi ya virusi

Dawa hizi hulenga hatua ambazo ni za kirusi peke yake. Asaiklovia, dawa ya malengelenge na mkanda wa jeshi, ni mfano mzuri: huingia katika seli zote ikiwa imelala, na kimeng'enya cha kirusi ndicho kinachoiamsha. Kwa sababu hiyo hufanya kazi hasa ndani ya seli zilizoambukizwa na kuziacha nzima bila kudhurika.

Dawa za kupunguza makali ya VVU (ARV) hufuata hatua zilizoelezwa hapo juu. Tenofovia na lamivudini huzuia transkriptezi ya kinyume, na dolutegravia huzuia integrezi. Dawa hizo tatu hupatikana katika kidonge kimoja kinachomezwa mara moja kwa siku, na ndizo zinazotumika zaidi kuanzishia matibabu katika Afrika Mashariki. Hutolewa kwa pamoja kwa sababu VVU hufanya makosa mengi kinaponakili RNA yake. Kati ya mamilioni ya nakala za kila siku, baadhi hutokea kuwa sugu kwa dawa moja, lakini ni vigumu sana nakala moja iwe sugu kwa zote tatu kwa mpigo. Mgonjwa anayeruka dozi huziruhusu nakala sugu kuchipuka.

Anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane tena katika kipimo cha damu hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa ngono. Kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, bila matibabu uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni asilimia 15 hadi 45. Kwa matibabu hushuka chini ya asilimia 5. Hata hivyo dawa haziondoi DNA ya kirusi iliyochomekwa katika seli zilizolala, hivyo mgonjwa akiacha kumeza, virusi hurudi. Watu wachache sana wamepona kabisa, wa kwanza akiwa Mmarekani Timothy Ray Brown, ambaye alikuwa na saratani ya damu na alipandikizwa mjini Berlin uloto wa mtu aliyezaliwa bila kipokezi cha CCR5. Upandikizaji huo ni wa hatari na hauwezi kuwa tiba ya watu wote.

Homa ya ini C haichomeki jeni zake katika kromosomu, na leo zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hupona kabisa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12.

### Kingamwili zilizotengenezwa

Njia nyingine ni kumpa mgonjwa kingamwili zinazoshika kirusi kabla hakijaingia katika seli. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mashariki mwa Kongo, kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, dawa nne zililinganishwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mbili kati yake, zote za kingamwili, zilipunguza vifo kuliko nyingine, hasa kwa wagonjwa waliofika mapema. Moja ilitokana na seli za damu za mtu aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka 1995. Mkongo Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa watafiti wakuu wa kazi hiyo. Dawa hizo hufaa kwa kirusi cha Ebola aina ya Zaire tu, si kwa aina ya Sudan.

### Chanjo

Chanjo hufundisha mfumo wa kinga kutambua kirusi kabla ya kukutana nacho. Kwa njia hiyo magonjwa mawili ya virusi yamefutwa duniani. La kwanza ni ndui: mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ulitangazwa kuwa huru. La pili ni sotoka ya ng'ombe, ambayo katika miaka ya 1890 iliua sehemu kubwa ya mifugo ya Afrika Mashariki na kuwaacha wafugaji katika njaa. Chanjo yake bora ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, na ugonjwa ulitangazwa kufutwa mwaka 2011.

Kwa kichaa cha mbwa, chanjo hufaa hata baada ya kuumwa, kwa kuwa kirusi kinasafiri polepole na kinga inaweza kukitangulia. Aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo na, jeraha likiwa baya, kingamwili pia. Kungoja kuona kama dalili zitatokea ni kupoteza nafasi pekee ya kupona. Kuchanja mbwa ndiyo kinga ya msingi kwa jamii nzima.

## Prioni

### Protini inayogeuza nyingine

Protini ni mnyororo wa asidi amino unaokunjwa katika umbo fulani, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi yake. Karatasi ileile yaweza kukunjwa kuwa mashua au bahasha. Vivyo hivyo mnyororo uleule wa protini waweza kukunjwa kwa namna mbili.

Juu ya seli za ubongo za binadamu na wanyama wengine wanyonyeshao kuna protini ya kawaida iitwayo PrP, inayotengenezwa na jeni lililoko kwenye kromosomu ya 20 ya binadamu. Prioni ni PrP hiyohiyo ikiwa imekunjwa vibaya. Inapogusana na PrP ya kawaida huifanya nayo ikunjwe vibaya, na hiyo huigeuza nyingine. Protini hizo hushikamana kuwa nyuzi, nyuzi hukatika, na kila kipande huanzisha nyuzi mpya. Kadiri miaka inavyopita seli za neva hufa na ubongo hubaki na vitundu vidogo kama sifongo.

Dhana ya kwamba protini peke yake inaweza kuambukiza ilipingwa vikali mwanzoni. Katika miaka ya 1960 Tikvah Alper na wenzake mjini London walionyesha kwamba kisababishi cha *skrepi*, ugonjwa wa kondoo uliojulikana Ulaya tangu karne ya 18, kilistahimili mionzi inayoharibu DNA na RNA. Prusiner alitenga protini husika, na mwaka 1993 kundi la Charles Weissmann lilithibitisha kwamba panya waliozaliwa bila jeni la PrP hawapati skrepi kabisa: pasipo na PrP ya kugeuzwa, prioni haina la kufanya. Prusiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

### Aina za magonjwa ya prioni

Ugonjwa unaojulikana zaidi kwa binadamu ni ule wa Creutzfeldt-Jakob, unaompata mtu mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka. Huanza kwa njia tatu:

- Bila sababu inayojulikana: takriban asilimia 85 ya wagonjwa, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 60 hivi au zaidi.
- Kwa urithi: asilimia 10 hadi 15, kutokana na kasoro katika jeni la PrP.
- Kwa kuambukizwa: chini ya asilimia 1, kwa mfano kwa vifaa vya upasuaji wa ubongo au kwa homoni za ukuaji zilizotolewa zamani katika maiti.

Ikiwa kiwango hicho ni kilekile kila mahali, nchi yenye watu milioni 60 ingepata wagonjwa 60 hadi 120 kila mwaka. Mahali pasipo na vipimo vya kutosha, ni rahisi wagonjwa hao kudhaniwa kuwa na kiharusi au kusahau kwa uzee.

### Kuru

Kuru ni ugonjwa uliowapata Wafore wa nyanda za juu za mashariki ya Papua Guinea Mpya. Jina lake katika lugha yao linahusu kutetemeka. Wafore walikuwa na desturi ya kuwaheshimu marehemu wao kwa kula miili yao wakati wa mazishi. Wanawake na watoto ndio waliokula zaidi ubongo, na ndio waliokufa zaidi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 walikuwa wakifa watu zaidi ya 200 kwa mwaka, na vijiji vingine vilibaki na wanawake wachache. Wafore wenyewe waliamini ni uchawi.

Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliueleza ugonjwa huo mwaka 1957. Mwaka 1959 William Hadlow alitambua kwamba ubongo wa wagonjwa ulifanana na wa kondoo wenye skrepi, na wanaanthropolojia Shirley Lindenbaum na Robert Glasse walionyesha uhusiano wake na desturi ya mazishi. Desturi ilikwisha kufikia miaka ya 1960, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuugua. Hata hivyo wagonjwa waliendelea kutokea hadi mwanzo wa karne ya 21, kwa kuwa muda kati ya kuambukizwa na kuanza kwa dalili (kipindi cha kuatamia) unaweza kupita miaka 50.

Mwaka 2009 watafiti waligundua kwamba baadhi ya watu wa eneo hilo walikuwa na badiliko moja katika jeni la PrP. Panya waliopewa badiliko hilo wamekataa kabisa kuambukizwa kuru.

### Kichaa cha ng'ombe

Mwaka 1986 ng'ombe wa Uingereza walitambuliwa kuwa na ugonjwa wa prioni. Ng'ombe hao walikuwa wakilishwa unga wa nyama na mifupa ya mifugo mingine, pamoja na ng'ombe waliokufa, na hivyo prioni ilizunguka kutoka mnyama hadi mnyama. Ulishaji huo kwa wanyama wanaocheua ulipigwa marufuku mwaka 1988, lakini kwa jumla ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitishwa kuugua. Mwezi Machi 1996 serikali ilikiri kwamba ugonjwa huo huenda umewafikia watu kupitia nyama. Waingereza 178 wamekufa kwa aina hiyo mpya, wengi wao wakiwa vijana, na wachache waliipata kwa kuongezewa damu.

### Dalili, tiba na kinga

Dalili kuu ni kupoteza kumbukumbu kwa haraka, kuyumba wakati wa kutembea, misuli kushtukashtuka na hatimaye kushindwa kusema na kumeza. Katika ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob wengi hufa kabla ya mwaka kwisha. Hakuna homa, na mwili hautengenezi kingamwili, kwa kuwa mfumo wa kinga huiona prioni kuwa protini yake mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo hakuna chanjo.

Dawa zilizojaribiwa, zikiwemo kuinakrini ya malaria na doksisiklini, hazikurefusha maisha ya wagonjwa. Utafiti wa sasa hujaribu kupunguza utengenezaji wa PrP ya kawaida ubongoni, kwa kufuata funzo la panya wa Weissmann. Kwa sasa mgonjwa hupewa huduma ya kutuliza maumivu, kulishwa na kuuguzwa.

Prioni haifi kwa kupikwa, kwa pombe wala kwa fomalini. Hospitali hutumia mvuke wa nyuzi 134 kwa dakika 18 au myeyusho mkali wa hidroksidi ya sodiamu, au hutupa kabisa vifaa vilivyogusa ubongo wa mgonjwa. Lakini ugonjwa hauenezwi kwa kumgusa mgonjwa, kwa kikohozi wala kwa kula naye chombo kimoja, hivyo familia haina sababu ya kumtenga.

## Ulinganisho

| | Virusi | Prioni |
|---|---|---|
| Kilivyoundwa | DNA au RNA na protini | Protini tupu |
| Kinavyoongezeka | Seli hunakili jenomu yake | Hugeuza PrP ya kawaida |
| Mwitikio wa kinga | Homa na kingamwili | Hakuna |
| Muda kabla ya dalili | Siku hadi miaka | Mara nyingi miaka mingi |
| Kusafisha | Sabuni (kwa vyenye utando), klorini, joto la kuchemsha | Mvuke wa nyuzi 134, hidroksidi ya sodiamu |
| Chanjo | Kwa baadhi | Hakuna |
| Dawa | Kwa baadhi | Hakuna iliyothibitishwa |